Maswali Yenu: Fungu la Wazee Kwenye Bajeti ya Halmashauri

Barua zilizotufikia kuhusu wazee ni nyingi kuliko nafasi tuliyonayo, na karibu zote zinarudi kwenye fundo moja: sera ipo, vitambulisho vya matibabu bure vimegawiwa, lakini mzee akifika dirisha la dawa anaambiwa hakuna. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003, kwa hiyo muda wa kujipanga ulikuwepo. Halmashauri hulipia kile kilichoandikwa kwenye bajeti yake kikiwa na idadi, bei na chanzo cha fedha. Mahitaji ya wazee mara nyingi hayamo humo, na ndiyo maana majibu ya toleo hili tumeyaelekeza huko.

Tumechelewaje, na bajeti yenyewe haijaanza?

*Mimi ni katibu wa baraza la wazee la kijiji, Mkoa wa Njombe, nina miaka 66. Mwezi wa tatu tulipeleka maombi ya wazee kwa mtendaji wa kata. Akasema tumechelewa, bajeti imeshapita. Sisi tunajua bajeti inaanza Julai. Tumechelewaje?*

Shikamoo mzee wetu. Mtendaji hakukudanganya, ila alipaswa kuwaambia mapema zaidi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30, lakini kitabu cha bajeti hufungwa miezi mingi kabla ya hapo. Kwa kawaida vijiji na mitaa huibua vipaumbele vyao Septemba na Oktoba, kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Vikitoka halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, huenda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Karibu na Novemba hutoka mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti, halmashauri ya wilaya hujua ukomo wa fedha zake, na wataalamu huanza kuingiza shughuli kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti. Januari na Februari ni miezi ya vikao: Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, Baraza la Wafanyakazi, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, kisha Baraza la Madiwani. Baada ya madiwani, kitabu hupita mkoani, TAMISEMI na Wizara ya Fedha kwa uchambuzi, na Bunge huanza kujadili Aprili. Barua yenu ya Machi ilikuta kitabu kimeshatoka wilayani.

Kwa hiyo anzeni Agosti. Baraza la wazee likae, liandike muhtasari wenye tarehe, mahudhurio na sahihi, liupeleke kwa mtendaji wa kijiji na kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha hakikisheni hoja inasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji na kuandikwa kwenye muhtasari wa mkutano huo. Mkutano mkuu ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na sheria inautaka ukae kila baada ya miezi mitatu. Ukikaa Septemba bila hoja yenu, unaofuata utakuwa Desemba, na Desemba vipaumbele vya kata vimeshapelekwa wilayani.

Jambo la pili ni namna mnavyoandika. "Wazee wasaidiwe matibabu" ni ombi la haki kabisa, lakini halina pa kuingia kwenye mfumo. Mfumo unadai shabaha, shughuli, aina ya kitu kitakachonunuliwa, idadi, bei ya kimoja na chanzo cha fedha. Chukueni mfano wa kata yenye wazee 600 wasiojiweza ambao halmashauri inataka kuwakatia CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Katika mikoa mingi ya Bara kiwango kilichozoeleka cha mfuko huo kilikuwa Sh 30,000 kwa mwaka kwa kaya isiyozidi watu sita. Ukizidisha 600 kwa 30,000 unapata Sh milioni 18, na hiyo ndiyo hesabu inayoandikwa kwa haraka. Lakini ikiwa wazee 300 kati ya hao ni mke na mume wanaoishi pamoja, hao ni kaya 150 tu. Waliobaki 300 wanaoishi kila mmoja kivyake ni kaya 300. Jumla ni kaya 450, yaani Sh milioni 13.5. Mmeokoa milioni 4.5, na nafasi zilizobaki kwenye kila kaya zinaweza kuwabeba wajukuu wanaolelewa humo. Ombi lenye hesabu ya namna hiyo mchumi wa halmashauri analiingiza kama lilivyo. Ila kabla ya kuandika bei, muulizeni mratibu wa bima wa wilaya kiwango kinachotumika mwaka huo, kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaubadili mfumo mzima wa uchangiaji.

Na pelekeni nakala kwa Afisa Ustawi wa Jamii, aliye chini ya Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe. Mabaraza mengi hupeleka karatasi kwa Maendeleo ya Jamii pekee. Huko wana mikopo na vikundi. Matibabu ya wazee hupangwa upande wa afya, na karatasi ikikosea mlango inaweza kulala mezani mwaka mzima.

Kitambulisho anacho, dawa ananunua

*Mama yangu ana miaka 74, ana kitambulisho cha matibabu bure. Kumuona mganga ni bure kweli, lakini dawa ya shinikizo la damu kila mwezi tunaambiwa tukanunue duka la dawa. Je, zahanati inakiuka sheria? Msomaji, Mkoa wa Lindi.*

Pole na uuguzi. Mara nyingi sababu haiko kwa mhudumu aliye mbele yenu, na kumgombeza kila mwezi hakutaleta kidonge hata kimoja.

Msamaha wa mzee asiyejiweza unaiambia zahanati isimtoze, lakini hauiletei zahanati fedha za kufidia alichopewa. Mgonjwa wa bima akitibiwa, kituo hudai kwenye mfuko na kulipwa. Anayelipa taslimu ameacha fedha. Mzee wa msamaha ametumia dawa ambayo lazima inunuliwe tena kutoka chanzo kingine. Kituo chenye wazee wengi na wagonjwa wachache wa bima hukaukiwa dawa mapema, na zinazotangulia kuisha ni za magonjwa ya kudumu, kwa kuwa hizo hutumika kila siku bila kukatika. Ndiyo maana tunapenda halmashauri iwakatie wazee bima kuliko kuwagawia vitambulisho vya msamaha peke yake: kadi ya bima inarudisha fedha kituoni.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Maana yake zahanati yenu ina mpango wake na bajeti yake, na ina kamati ya usimamizi ambayo wajumbe wake ni pamoja na wananchi. Hapo ndipo pa kugonga. Mwombeni mganga mfawidhi, kwa heshima, awaeleze mambo matatu.

Kwanza, je, dawa anayotumia mama inaruhusiwa kwa ngazi ya zahanati? Mwongozo wa taifa wa dawa muhimu hupanga kila dawa kwa ngazi ya kituo, na baadhi ya dawa za magonjwa ya kudumu huanzia kituo cha afya au hospitali. Ikiwa ni hivyo, zahanati haitaiagiza hata ikiwa na fedha, na suluhisho kwa mama ni rufaa: achukuliwe na kituo cha juu, au mganga ambadilishie dawa iliyomo kwenye ngazi yake kama hali yake inaruhusu. Uamuzi huo ni wa mganga. Msibadilishe wenyewe.

Pili, ikiwa inaruhusiwa, imeagizwa kiasi gani? Oda kwenda Bohari ya Dawa hujazwa kwa kuangalia matumizi yaliyopita. Dawa ikiisha tarehe 10 na wagonjwa wakapelekwa dukani siku 20 zilizobaki, daftari litaonyesha matumizi ya siku 10, na oda inayofuata itakuwa ndogo vilevile. Upungufu unajizaa wenyewe. Njia ya kuumaliza ni kuhesabu wagonjwa badala ya vidonge vilivyotoka. Zahanati yenye wazee 40 wa shinikizo la damu, kila mmoja kidonge kimoja kwa siku, inahitaji vidonge 1,200 kwa mwezi na 14,600 kwa mwaka. Wenye kisukari wakiwa 15, kila mmoja vidonge viwili kwa siku, ni 900 kwa mwezi na 10,950 kwa mwaka. Juu ya hapo inaongezwa akiba ya kuvusha siku za kusubiri mzigo. Hesabu hii inahitaji daftari la wagonjwa wa kudumu, na zahanati isiyo nalo inaweza kulianza wiki hii kwa daftari la kawaida lenye mistari: jina, umri, kitongoji, dawa, dozi kwa siku, tarehe ya kurudi.

Tatu, Bohari ikikosa dawa hiyo, kituo kinatoa taarifa ya kukosekana ili kinunue kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeidhinishwa? Njia hiyo ipo. Hukwama pale kituo kinapongoja miezi bila kuandika chochote.

Mjumbe wa kamati ya zahanati anayeuliza maswali haya kwenye kikao cha robo mwaka ana uzito kuliko malalamiko kumi ya foleni. Kama kamati yenu haina mzee hata mmoja, lipelekeni hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji muda wa wajumbe unapoisha.

Kwenye asilimia kumi, mzee yuko wapi?

*Nina miaka 63, ni mwanamume, mkulima wa Mkoa wa Shinyanga. Wanawake wana fungu, vijana wana fungu, walemavu wana fungu. Sisi tumekosa nini?*

Shikamoo. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee kama kundi hawakutajwa. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa, lakini mgawanyo ulibaki ule ule. Bibi wa miaka 65 anaweza kuwa kwenye kikundi cha wanawake, kwa kuwa wanawake hawakuwekewa ukomo wa juu wa umri. Mzee mwenye ulemavu ana mlango wa asilimia 2. Mzee mwanamume asiye na ulemavu, kama wewe, hana mlango humo.

Lakini mzee wetu, fungu lile ni mkopo, na mkopo hurejeshwa. Mtu wa miaka 63 mwenye nguvu za kufuga kuku au kulima mboga anaweza kuubeba. Mzee wa miaka 80 anayehitaji miwani, mtoto wa jicho kutolewa na chakula cha uhakika hapaswi kuwekwa kwenye deni. Tungependa mabaraza ya wazee yaelekeze nguvu kwenye ile asilimia 90 iliyobaki, hasa sehemu ya maendeleo, ambako ndiko zinakotoka kadi za bima, kliniki tembezi ya macho, njia ya mteremko na choo cha kukalia kwenye zahanati. Hayo hayarejeshwi.

Na kama kaya yako ina hali ngumu sana, TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ni njia nyingine. Kumbuka kwamba TASAF huandikisha kaya maskini, na umri peke yake haumwingizi mtu. Utambuzi huanzia kwenye mkutano wa kijiji, kwa hiyo siku ya utambuzi usikose, na kama huwezi kutembea tuma mtu wa kukutaja.

Orodha inaniletea ugomvi

*Mimi ni mtendaji wa kijiji, Mkoa wa Kagera. Nimeagizwa niorodheshe wazee wasiojiweza. Kila mtu anataka mzazi wake aingie, na wengine hawana cheti cha kuzaliwa. Nifanyeje?*

Orodha hii ndiyo msingi wa bajeti yote tuliyoizungumza, kwa hiyo inastahili siku zake. Anza na daftari la wakazi, kitongoji kwa kitongoji, ukiandika kila aliyefika miaka 60, mwenye nacho na asiye nacho. Usichuje bado. Ukimaliza, linganisha na makadirio: Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na wenye miaka 60 na zaidi walikuwa karibu 6 kwa kila watu 100. Kijiji cha watu 3,000 kitegemee wazee wapatao 180. Vijiji ambavyo vijana wamehamia mjini huwa na zaidi ya hapo. Ukipata 60 tu, kuna vitongoji hujavifikia. Ukipata 400, kuna watu wa miaka 52 wamejipenyeza.

Kwa wasio na cheti, kitambulisho cha NIDA kinatosha. Asiye nacho, mpimeni kwa matukio. Aliyekuwa ameanza shule wakati wa Azimio la Arusha mwaka 1967 alizaliwa kabla ya mwaka 1962 au karibu na hapo, kwa hiyo amevuka 60. Aliyepigana Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 akiwa mtu mzima wa miaka 18 naye amevuka. Huko kwenu vita hivyo kila familia inavikumbuka, na wazee wa rika moja watamrekebisha haraka anayejiongezea miaka. Mhoji mbele ya wenzake wawili wa rika lake, kisha andika mwaka mliokubaliana na majina ya mashahidi.

Baada ya hapo ndipo unatenganisha wasiojiweza. Vigezo vijadiliwe hadharani kabla majina hayajasomwa, la sivyo kila kigezo kitaonekana kimetungwa kumkomoa mtu. Vinavyofanya kazi ni vya kuonekana: hana pensheni, hana mifugo wala shamba linalomtosha chakula, hana anayemtumia fedha, hawezi tena kufanya kazi. Jihadhari na kigezo cha "ana watoto". Kuna bibi mwenye watoto watano mjini ambaye hapati hata sabuni, na juu yake analea wajukuu watatu. Uliza kinachoingia ndani ya nyumba. Idadi ya watoto haikuambii hilo.

Safu za daftari lako ziwe hizi: jina, jinsi, mwaka wa kuzaliwa, kitongoji, anaishi na nani, bima aliyonayo, kama yuko TASAF, ulemavu, ugonjwa wa kudumu. Safu mbili za mwisho zisisomwe mkutanoni. Hizo ni za Afisa Ustawi na zahanati. Kwenye mkutano yasomwe majina tu, pingamizi zipokelewe palepale, na orodha ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji kwa wiki mbili kabla ya kupelekwa wilayani.

Kisha ihuishe. Waliofariki watoke, waliofikisha 60 waingie, kila Agosti kabla ya msimu wa kuibua vipaumbele. Halmashauri ikilipia kadi za watu ambao wameshazikwa, mkaguzi ataandika hoja, na mwaka unaofuata fungu litakatwa.

Mzee ambaye hana kabisa wa kumtunza, andika taarifa yake peke yake. Afisa Ustawi atafanya uchunguzi wa kijamii, atatafuta ndugu kwanza, na wakikosekana ndipo huombwa nafasi kwenye makazi ya wazee ya Serikali, kama Kolandoto mkoani Shinyanga, Fungafunga Morogoro au Nunge kule Kigamboni. Makazi ni hatua ya mwisho. Mzee anayeweza kubaki kitongojini kwake akiwa na jirani wa kumchotea maji aachwe kwake.

Mama yangu yuko Unguja

*Nipo Muscat. Mama anakaribia miaka 70. Marehemu baba alikuwa mtumishi na mama hupata chochote kidogo kutoka kwenye mafao yake. Je, atanyimwa Pencheni Jamii? Na kwa nini ndugu zetu wa Bara hawana?*

Hatonyimwa kwa sababu hiyo. Pencheni Jamii ya Zanzibar ilianza Aprili 2016 na ni ya kila mzee wa miaka 70 na zaidi anayekidhi masharti ya ukaazi, awe na kipato kingine au asiwe nacho. Ilianza kwa Sh 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi Sh 50,000. Kwa kuwa upo mbali, angalia mapema mambo mawili: kitambulisho chake cha Mzanzibari kiwe hai na tarehe ya kuzaliwa iwe sahihi, na sheha wa shehia anayoishi sasa amtambue. Mzee aliyehamia kwa bintiye shehia nyingine bila kubadilisha taarifa ndiye anayezungushwa zaidi.

Kwa nini Bara haipo, hesabu itakuonyesha sehemu ya jibu. Sh 50,000 kwa miezi 12 ni 600,000 kwa mzee mmoja, kwa hiyo wazee 1,000 wanahitaji Sh milioni 600 kila mwaka. Halmashauri yenye wazee 5,000 ingehitaji Sh bilioni 3, na halmashauri nyingi za vijijini haziwezi kuzitoa kwenye mapato ya ndani zikabaki na cha kujengea darasa. Zanzibar hulipa kutoka Serikali ya Mapinduzi, si kutoka mabaraza ya manispaa na wilaya. Pensheni ya wazee wote Bara ni uamuzi wa Serikali Kuu na Bunge, na wanaoidai wanaidai mahali sahihi wakimwandikia mbunge wao.

Kaunti yetu haina chochote kwa wazee

*Mimi ni mkazi wa Kaunti ya Kilifi, Kenya. Inua Jamii ni ya serikali kuu. Je, kaunti nayo haiwezi kuwaongezea wazee pesa?*

Inaweza, lakini fikiria aina ya matumizi. Inua Jamii hulipa Ksh 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi walioandikishwa. Tuseme kaunti itake kuwalipa kiasi hicho wazee 1,000 wa miaka 65 hadi 69: ni Ksh milioni 24 kwa mwaka, na mwaka unaofuata inabidi zitafutwe tena. Hayo ni matumizi ya kawaida, yanayogombea nafasi na mishahara, wakati sheria inaitaka kaunti iweke angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwenye maendeleo. Afya ya ngazi ya kaunti, kinyume chake, tayari ni jukumu la kaunti chini ya Katiba. Kliniki ya wazee ya kila wiki kwenye hospitali ya kaunti ndogo, dawa za kudumu, gari la kuwafikia wasiotembea: hayo hayahitaji sheria mpya.

Tarehe za kukumbuka ni hizi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Karatasi ya mikakati ya kifedha, inayoweka ukomo wa kila idara, hupelekwa kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti hufika Aprili 30. Watu wengi hujitokeza Mei kwenye vikao vya ushiriki wa umma, wakati ukomo wa idara umeshawekwa Februari na kilichobaki ni kuhamisha senti. Nendeni Februari.

Kuna kiti chenu kingine ambacho wengi hawakijui. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 137, inaunda jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, na inawataja wazee kwa jina miongoni mwa makundi yanayopendekeza wajumbe. Chama cha wazee kiandike kwa gavana kuuliza ni nani anayewawakilisha humo na aliteuliwa lini. Kama hayupo, pendekezeni wenu kwa barua hiyo hiyo.

Fedha zilipitishwa, hazijatoka

*Mimi ni diwani, Mkoa wa Mbeya. Tulipitisha Sh milioni 15 za wazee. Hadi Machi zimetoka milioni 2, na zote zimeishia kwenye maadhimisho ya Oktoba 1. Nifuatilie wapi?*

Mheshimiwa, ulilolieleza hutokea kwenye halmashauri nyingi, na mzizi wake ni chanzo kilichoandikwa. Shughuli za wazee zikiwekwa kwenye mapato ya ndani, zinasubiri makusanyo. Kwenu ushuru wa mazao huja kwa msimu. Miezi ya ukame wa makusanyo, kinacholipwa ni kile chenye mdai anayebisha hodi kila wiki. Maadhimisho yana tarehe, yana mgeni rasmi, na mahema yameshakodiwa, kwa hiyo hulipwa. Kadi za bima hazina tarehe wala wa kubisha hodi.

Kikao cha Kamati ya Fedha hukaa kila mwezi. Omba mweka hazina alete jedwali la shughuli za wazee lenye safu nne: kilichoidhinishwa, kilichopokelewa, kilichotumika, kilichobaki. Bakaa ya milioni 13 ikiwa haijahamishwa kwenda kasma (fungu la bajeti) nyingine, omba manunuzi ya kadi yafanyike ndani ya robo ya nne, na tarehe iandikwe kwenye muhtasari. Ikiwa imehamishwa, uliza kibali cha uhamisho kilitolewa na nani na lini, kwa sababu kuhamisha fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine kuna taratibu chini ya Sheria ya Bajeti ya 2015. Uhamisho usio na kibali ni jambo la mkaguzi wa ndani, na likimfikia CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, litajibiwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Wananchi wako nao wana njia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Barua ya nusu ukurasa inatosha, ilimradi itaje kitu kimoja mahsusi, kwa mfano: "idadi ya wazee waliokatiwa bima kwa fedha za mwaka huu wa fedha, kwa kila kata." Barua inayoomba "taarifa zote za bajeti" huzungushwa ofisini hadi mwombaji achoke.

Kwa bajeti ijayo, gawa lile fungu liwe shughuli mbili zenye majina tofauti. Kadi za bima ziwekwe kwenye robo ambayo makusanyo yenu huwa juu, maadhimisho yawekewe ukomo wake mdogo. Vikikaa kwenye mstari mmoja, fulana na mahema ya Oktoba yatatangulia tena, na Juni 30 ikifika shughuli ya kadi itarudi kupanga foleni upya.